Foleni ya chuo cha jamii au dola 42,000 za chuo binafsi? Jibu kwa CNA anayetaka kuwa RN

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Minnesota, nina green card, umri wangu miaka 34, nina mume na watoto wawili. Nyumbani Tanzania nilisoma shahada ya biashara, lakini huku nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, zamu za usiku, kwenye nyumba ya kulea wazee. Nataka kuwa RN, muuguzi kamili aliyesajiliwa. Chuo cha jamii kilicho karibu nasi kimeniambia kuna masomo ya sayansi ya kumaliza kwanza, na nafasi za uuguzi ni chache. Chuo kimoja binafsi kinasema nianze mwezi ujao, ada dola 42,000, mkopo watanisaidia kuupata. Mume wangu anasema niachane na unesi nisome mionzi, eti ni hela nzuri bila kushikashika wagonjwa. Naomba ushauri wako.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lenye haraka: usisaini mkopo wowote mwezi huu.

Chuo binafsi si kibaya kwa kuwa ni binafsi. Vipo vinavyofundisha vizuri sana. Ila ofa uliyopewa ina jambo ambalo halikusemwa. Masomo ya kutangulia uliyotajiwa na chuo cha jamii, yaani anatomia na fiziolojia sehemu zote mbili, maikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza, saikolojia, na mara nyingi takwimu, hayakwepeki popote. Ukianza kule mwezi ujao hutaingia wodini mwezi ujao. Utakaa darasani ukisoma mifupa na misuli ile ile, ila kila somo utalilipia bei ya juu zaidi. Na foleni unayoiogopa katika chuo cha jamii iko baada ya masomo hayo. Masomo yenyewe kwa kawaida unajiandikisha muhula unaofuata kama mwanafunzi mwingine yeyote. Kwa hiyo muda unaodhani utaupoteza ukisubiri, ndio utakaokuwa unasoma.

Kabla ya kulipa senti moja chuo chochote, cha umma au binafsi, kuna mambo matatu ya kuyahakikisha wewe mwenyewe, si kwa mdomo wa afisa udahili. La kwanza, je, programu hiyo imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo? Orodha iko kwenye tovuti ya bodi, na usipomaliza programu iliyoidhinishwa huwezi kukaa mtihani wa leseni. La pili, je, programu ya uuguzi yenyewe, si chuo kwa ujumla, ina ithibati? Kwa ngazi yako, ya shahada ya miaka miwili, tafuta jina la chombo cha ithibati ACEN au CNEA. CCNE hushughulikia shahada ya kwanza na kuendelea. Bila ithibati hiyo, vyuo vikuu vingi havitakupokea ukitaka kujiendeleza, na hospitali za VA, zile za wanajeshi wastaafu, hazitakuajiri. La tatu, ni wanafunzi wangapi waliofaulu NCLEX, huo mtihani wa leseni, mara ya kwanza, na wangapi walioanza ndio waliomaliza? Mwaka 2024, zaidi ya asilimia 90 ya waliosoma Marekani walifaulu NCLEX-RN kwa jaribio la kwanza. Chuo kilicho chini sana ya hapo kina maelezo ya kutoa. Na chuo chenye kiwango kizuri cha kufaulu huku kikiwa kimeacha nusu ya darasa njiani kina maelezo mengine, maana hao walioachwa mikopo yao haikuachwa.

Ukiona nakaza sana hapa, kumbuka yaliyotokea Januari 2023. Serikali ya shirikisho ilifungua mashtaka dhidi ya watu 25 katika operesheni iliyoitwa Nightingale: shule tatu za Florida ziliuza diploma na nakala za alama bandia zaidi ya 7,600 kwa watu waliotaka njia fupi ya kuwa wauguzi. Wengi walionunua walikuwa wahamiaji, na wengi walikuwa tayari LPN, wauguzi wa ngazi ya chini ya RN, au CNA wenye uzoefu kama wako. Bodi za majimbo mengi zilifuta leseni. Sisemi chuo chako ni cha namna hiyo. Nasema mtu aliyechoka na zamu za usiku ndiye anayetafutwa na kila anayeuza haraka.

Pengine umeambiwa pia kwamba RN wa chuo cha jamii ni nusu nesi. Si kweli, na jambo hili lina historia yake. Mwaka 1951 Mildred Montag wa Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia, alipendekeza wauguzi wafundishwe kwa miaka miwili katika vyuo vya jamii, badala ya shule za hospitali zilizowatumia wanafunzi kama vibarua. Mwaka 1952 majaribio yakaanza. Yeye aliwaza fundi wa uuguzi atakayefanya kazi chini ya muuguzi mwenye shahada. Lakini wahitimu wale walikaa mtihani ule ule wa leseni, wakafaulu, na leseni ikabaki moja. Hadi leo mhitimu wa miaka miwili na wa miaka minne wanafanya NCLEX-RN ile ile na kupewa leseni ile ile.

Tofauti ipo kwenye ajira. Hospitali kubwa za mijini nyingi hupendelea wenye BSN, shahada ya uuguzi ya miaka minne, na jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka RN wapya waipate ndani ya miaka 10. Lakini BSN unaweza kuimalizia mtandaoni ukiwa tayari unalipwa mshahara wa RN, na mwajiri anaruhusiwa kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi ya shirikisho kwenye fedha hizo. Hospitali nyingi zina mpango huo. Uliza hata hapo unapofanya kazi sasa, maana nyumba nyingi za wazee zinao na wafanyakazi hawajui.

Sasa fedha, na hapa nina habari usiyoipenda. Pell Grant, ruzuku ya serikali ambayo huirudishi na ambayo kiwango chake cha juu ni dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26, hutolewa kwa asiye na shahada ya kwanza. Shahada yako ya biashara ni shahada, ingawa ni ya Tanzania. North Star Promise, mpango wa Minnesota ulioanza mwaka 2024 kusomesha bila ada wakazi ambao kipato cha familia kiko chini ya dola 80,000, nao una sharti hilo hilo. Kuna watu watakaokushauri usiitaje shahada yako. Usifanye hivyo. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa fedha za masomo, unaisaini kwamba uliyojaza ni kweli, na leseni unayoitafuta inatolewa na bodi inayochunguza uaminifu wa mtu. Jaza FAFSA hata hivyo, kwa sababu mwenye green card anastahili mkopo wa serikali ya shirikisho, ambao una masharti nafuu kuliko mkopo binafsi, na ufadhili mwingi wa chuo na wa jimbo huanzia kwenye fomu hiyo. Kitaifa ada ya chuo cha jamii kwa mkazi ni kama dola 4,000 kwa mwaka kwa wastani. Minnesota iko juu ya hapo, lakini bado huwezi kuifananisha na dola 42,000.

Shahada hiyo hiyo ina faida yake. Ipeleke ikafanyiwe tathmini na shirika lililo chini ya NACES, umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje, kama WES au ECE, na uombe tathmini ya somo kwa somo, si ile ya jumla. Takwimu, saikolojia kama uliisoma, na masomo ya jumla huenda yakahesabiwa. Sayansi za mwili hazimo, lakini ukipunguziwa masomo matatu au manne tu umeokoa muhula mzima. Angalia pia umri wa masomo: programu nyingi hukataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka 5 au 7, kwa hiyo usikimbilie anatomia kisha ukapumzika.

Hapa ndipo mambo yanapoamuliwa, kwenye yale masomo ya kutangulia, na ningependa utulie tuzungumze. Vyuo vya jamii huchagua wanafunzi wa uuguzi kwa njia tofauti. Vingine hutoa pointi: alama za sayansi, alama za mtihani wa kuingilia, uzoefu wa kazi. Vingine hufuata foleni ya tarehe, na vichache huchagua kwa bahati nasibu. Muulize mshauri swali moja lisilo na kona: "Mwaka jana, mtu wa mwisho kupata nafasi alikuwa na alama gani?" Pale penye pointi, B kwenye anatomia inaweza kukutoa, na nafasi ni chache kwa sababu idadi ya walimu na ya wodi zinazopokea wanafunzi ndiyo inayoamua ukubwa wa darasa, si ukubwa wa jengo la chuo. Vyuo vingi pia vinakuruhusu kurudia somo la sayansi mara moja tu. Ukianguka mara mbili, mlango wa chuo hicho umefungwa.

Ndiyo maana nakuomba usichukue anatomia, maikrobiolojia na somo la tatu pamoja huku ukifanya zamu tano za usiku. Nimewaona wanafunzi wenye akili nzuri sana wakifanya hivyo ili waokoe miezi minne, wakaishia na C mbili zilizowagharimu nafasi. Chukua anatomia na fiziolojia ya kwanza pamoja na somo moja jepesi. Pata A. Muhula unaofuata uongeze.

Na ujiandae kwa aina ya mtihani usioizoea. Wengi wetu tuliosoma Afrika Mashariki tulilelewa kwenye mitihani ya "eleza" na "taja", na kukariri tunakuweza. Mtihani wa kuingilia, kama TEAS wenye maswali 170 kwa dakika 209, bado unaupita kwa kusoma kwa bidii na kujipima muda. Lakini mitihani ya uuguzi yenyewe, na NCLEX mwishoni, inauliza uamuzi. Chukua mfano huu. Una wagonjwa wanne. Mmoja amefanyiwa upasuaji wa tumbo jana na anasema maumivu ni 6 kwa 10. Wa pili ana kisukari na sukari yake ni 250. Wa tatu ana COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, na oksijeni yake ni asilimia 90. Wa nne ametolewa tezi ya shingoni asubuhi, sauti imeanza kukwaruza na anasema shingo inambana. Unamwona nani kwanza?

Majibu yote manne yana tatizo la kweli, na hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu wanatafuta jibu la uongo la kuliondoa. Wa tatu anaonekana kutisha, lakini kwa wagonjwa wengi wa COPD asilimia 88 hadi 92 ndiyo tunayoilenga. Sukari ya 250 inahitaji kushughulikiwa, lakini haimwui mtu ndani ya dakika tano. Maumivu yanasubiri kidogo. Wa nne huenda anavuja damu ndani ya shingo na njia ya hewa inazibika, huyo ndiye. NCLEX-RN ina maswali 85 hadi 150 kwa muda wa saa 5. Kompyuta hupandisha au kushusha ugumu kadiri unavyojibu, na tangu Aprili 2023 ina visa virefu vya mgonjwa mmoja unavyovifuata hatua kwa hatua. Wewe una mtaji hapa ambao aliyetoka sekondari hana: umewaona wazee wakibadilika usiku kabla kipimo chochote hakijasema kitu. Anza sasa kujiuliza kila zamu, "Leo nani kati ya wazee wangu ananitia wasiwasi zaidi, na kwa nini?" Kisha sikiliza nesi wa zamu anavyoripoti asubuhi.

Kuhusu mume wako. Mpe salamu, na umwambie kwamba mionzi ni kazi nzuri, ila hilo la kutoshika wagonjwa si kweli. Bibi wa miaka 80 aliyeanguka na kudhaniwa amevunjika nyonga analetwa kwa machela akilia. Mtu wa mionzi ndiye anayemhamishia mezani, ndiye anayejua kwamba mguu ule hauzungushwi, kwa hiyo anauinua ule mzima na kupiga picha kutoka ubavuni, na ndiye anayemtuliza ili asitikisike. Ni mikono mwanzo hadi mwisho. Ukiipenda, tafuta programu yenye ithibati ya JRCERT, na ujue kwamba tangu 2015 mtihani wa cheti wa ARRT unadai angalau shahada ya miaka miwili. Baadaye unaweza kuongeza CT, MRI au mamografia. Nafasi zake katika vyuo vya jamii nazo ni za kugombania, mara nyingine kuliko za uuguzi, kwa sababu darasa linachukuliwa mara moja kwa mwaka na ni dogo.

Ambayo watu wetu wengi hawaijui ni tiba ya upumuaji. Hawa ndio wanaosimamia mashine za kupumulia ICU, wanaokwenda mbio chumba cha kujifungulia mtoto asipolia, wanaomfundisha mgonjwa wa pumu kutumia dawa yake. Dunia iliwaona mwaka 2020, kisha ikawasahau. Masomo ya kutangulia yanafanana na ya uuguzi, shahada ya miaka miwili inatosha kuanza, ithibati ni ya CoARC, na kwa kawaida waombaji ni wachache kuliko wa uuguzi. Kwa takwimu za Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani za Mei 2024, mshahara wa kati wa mwaka ulikuwa dola 80,450. RN walikuwa 93,600, LPN 62,340, na CNA chini kidogo ya 40,000. Wanaosafisha na kutunza meno walifika 94,260, juu ya RN, ingawa ukijumlisha masomo ya kutangulia safari yao ni karibu miaka mitatu na kazi nyingi huwa za siku chache kwa wiki. Kuna pia maabara, ultrasaundi, wasaidizi wa fiziotherapia na mafundi wa chumba cha upasuaji. Jambo zuri ni kwamba anatomia na fiziolojia utakayoisoma muhula ujao inahitajika katika karibu njia hizi zote, kwa hiyo huhitaji kuamua leo kati yako na mumeo. Omba siku moja ya kufuatana na mtaalamu wa upumuaji na siku moja ya kufuatana na RN wa hospitali, maana uuguzi wa hospitalini si ule unaouona kwa wazee.

Kuna na LPN katikati, mwaka mmoja hivi wa masomo. Wengine huidharau, mimi siidharau hata kidogo. Kwa mama mwenye watoto wawili, kutoka mshahara wa CNA hadi wa LPN ni tofauti kati ya kuishi kwa zamu za ziada na kulala nyumbani. Lakini ichague tu ikiwa chuo kile kile kina daraja, yaani programu ya kuvukia, kutoka LPN kwenda RN na wanakuandikia kwa maandishi ni nafasi ngapi wanawatengea. Bila hilo utajikuta unaomba upya, nyuma ya foleni, ukiwa umechoka zaidi. Kama tathmini ya shahada yako ikikupunguzia masomo mengi, nenda RN moja kwa moja.

Jambo dogo linalowakwamisha Waafrika wengi dakika za mwisho ni kifua kikuu. Kabla ya kuingia wodini utatakiwa chanjo ya homa ya ini B, surua, tetekuwanga, pepopunda na mafua, uchunguzi wa rekodi za jinai, kipimo cha dawa za kulevya, na kipimo cha TB. Sisi tulichanjwa BCG utotoni, kovu lake liko begani, na BCG inaweza kuufanya mkono uvimbe kwenye kipimo cha ngozi hata kama huna TB. Omba kipimo cha damu, kile kinachoitwa IGRA, tangu mwanzo. Hakidanganywi na BCG. Kikitoka na majibu ya kuwa na maambukizi, utapigwa eksirei ya kifua, na kwa TB iliyolala kuna dawa. Masomo hayaishii hapo. Ila mtu anayegundua hayo wiki moja kabla ya wodi anapoteza nafasi yake.

Zamu za usiku utazibeba wakati wa masomo ya kutangulia. Programu ikishaanza, hapana. Wodi huanza saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, na programu nyingi zinakataza mwanafunzi kufanya kazi usiku unaotangulia, kwa sababu atakuwa anashika dawa za watu. Zungumzeni na mume wako sasa, si wakati huo: nani atawapeleka watoto shule, na ni miezi mingapi nyumba inaweza kwenda na zamu mbili tu za wikendi.

Na wewe unayesoma hapa uliyekuwa muuguzi mwenye leseni Kenya, Uganda au Tanzania, ushauri huu wa kuanza chuo si wako. Peleka vyeti vyako vikatathminiwe na CGFNS, ambayo mwaka 2025 ilibadili jina kuwa TruMerit, kwa ngazi inayotakiwa na bodi ya jimbo lako. Huenda unachohitaji ni mtihani wa Kiingereza, NCLEX, na somo moja au mawili ya kuziba pengo.

Wiki hii, mdogo wangu, fanya miadi na mshauri wa programu ya afya pale chuo cha jamii, siyo mshauri wa jumla, na uende na nakala za alama zako za chuo kikuu hata kabla ya tathmini. Muulize wanavyochagua, idadi ya nafasi kwa mwaka, umri wa juu wa masomo ya sayansi, na kama daraja la LPN lipo. Kule chuo binafsi waandikie barua pepe uwaombe namba ya idhini ya bodi, jina la chombo cha ithibati, na kiwango cha kufaulu NCLEX kwa miaka mitatu. Majibu yakifika, ya pande zote mbili, nitumie pamoja na tathmini ya shahada yako, nikusaidie kupanga muhula wa kwanza kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa.